Tatuu mpya na tatuu ya zamani kwenye jua la kiangazi hazitunzwi sawa

Mkuu, umesema una tatuu begani ambayo haijamaliza wiki, una nyingine ya zamani ya rangi mkononi, joto ni kali na karibuni unakwenda kuogelea baharini. Ukauliza ni losheni gani ya kukinga jua upake zote mbili. Mimi nakwambia hakuna, kwa sababu ile ya begani haitakiwi kuguswa na losheni ya jua kwa sasa, na ya mkononi haitakiwi kutoka nje bila hiyo losheni. Nina tatuu za umri tofauti, baadhi nilichorwa joto likiwa limepamba moto, na kila kiangazi naona kazi nzuri za watu zikiharibika kwa sababu hii moja: mpya na ya zamani zinatunzwa kwa mkupuo.

Hiyo mpya ni kidonda. Sindano hupeleka wino chini ya ngozi ya juu, kina cha milimita 1 hadi 2, kwa hiyo begani una vitundu vidogo visivyo na idadi. Ngozi ya juu huchukua kama wiki 2 hadi 4 kujifunga, na huko ndani kupona huendelea kwa miezi. Losheni ya jua imetengenezwa kwa ajili ya ngozi nzima. Ukiipaka juu ya kidonda itakuwasha, na kuiondoa utalazimika kusugua mahali ambapo hapatakiwi kusuguliwa. Kinga yako kwa sasa ni kivuli na nguo: shati pana la pamba, lililofumwa vizuri, lisilobana. Kwa kuwa ni begani, mkanda wa begi uhamishie upande wa pili mpaka vigaga viishe vyenyewe. Usivibandue hata vikikuwasha vipi, maana kigaga kikitolewa kabla ya wakati hutoka na wino wake.

Kuogelea, hapana. Najua kuna watakaokwambia maji ya bahari yanakausha kidonda haraka. Tafadhali usiwasikilize. Kuna bakteria anayeitwa Vibrio vulnificus ambaye hustawi kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu, yaani maji hayohayo yanayovutia watu msimu wa joto. Mwaka 2017 jarida la BMJ Case Reports lilichapisha kisa cha mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea Ghuba ya Mexico siku 5 tu baada ya kuchorwa tatuu. Bakteria huyo aliingia mwilini, na mwisho wake yule mtu alifariki. Alikuwa na ugonjwa wa ini wa muda mrefu, na hilo lilichangia sana. Mtu mwenye afya njema hafiki huko kirahisi, lakini sioni sababu ya kubahatisha wakati bahari itakuwepo hata mwezi ujao. Bwawa nalo ni hivyohivyo, klorini haiui kila kitu na inakausha ngozi inayojaribu kupona. Kuoga kwa maji yanayotiririka ni sawa, kujiloweka ndiko kubaya.

Jasho ndilo linalowasumbua wengi, na hapa nikuelekeze kama ninavyofanya mwenyewe. Jasho kutoka si tatizo, tatizo ni likikaa. Osha mara mbili kwa siku kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na manukato, na uongeze mara nyingine ukitoka jasho jingi. Nawa mikono kwanza. Kausha kwa kugusagusa na karatasi laini safi, siyo taulo la siku zote. Kisha paka losheni nyepesi isiyo na harufu, kiasi kidogo kiasi kwamba ngozi isibaki inang'aa. Mafuta ya mgando siyapendi kabisa wakati wa joto, maana safu nene hufungia jasho na joto ndani, vipele vikatokea na vigaga vikawa laini kupita kiasi. Na kama mchoraji alikubandika plasta ile ya plastiki nyembamba, itazame kila mara: ukiona maji yamejikusanya chini yake au ukingo umeachia, itoe na uoshe. Maandishi kwamba haipenyezi maji yasikupe ruhusa ya kuogelea nayo.

Wekundu na uvimbe kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Lakini wekundu unaozidi kusambaa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha, michirizi myekundu inayotoka kwenye mchoro au homa, hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Usibaki kuulizia mitandaoni.

Sasa ya mkononi. Wino umetulia ndani kwa sababu seli za kinga huumeza. Watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwa panya mwaka 2018 kwamba seli hizo zikifa hutema wino na seli mpya zikaumeza tena palepale. Jua linavuruga mpangilio huo, kwa kuwa mionzi yake huvunja chembe za rangi zikawa ndogo, na mwili ukaweza kuziondoa. Nyeusi ya kaboni hustahimili sana. Njano, nyekundu na rangi nyepesi ndizo zinazopauka mapema, na tatuu zangu zinanithibitishia: nyeusi zimekaa vizuri, njano ndiyo ninayoilinda kama mboni ya jicho.

Mionzi inayofika kule wino uliko ni hasa ile ya UVA, wakati namba ya SPF, ile ya kiwango cha kinga iliyoandikwa kwenye chupa ya losheni, inapima zaidi mionzi ya UVB inayobabua ngozi ya juu. Kwa hiyo usisome namba peke yake, hakikisha chupa imeandikwa kwamba inakinga UVA pia. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya UVB na SPF 50 karibu asilimia 98, tofauti ni ndogo. Kinachowaangusha watu ni kupaka kidogo na kutorudia. Paka ya kutosha, kama dakika 20 kabla ya kutoka, rudia kila saa 2 na kila ukitoka majini. Ukiendesha gari usijione salama pia, kwani kioo cha dirisha la kawaida huzuia UVB lakini hupitisha sehemu kubwa ya UVA. Mkono wa upande wa dirisha unapigwa safari nzima.

Ngozi nyeusi ina kinga zaidi ya asili, hilo ni kweli, ila haizuii UVA yote, na ikijeruhiwa au kuungua hukawia kuondoa madoa. Yanayobaki juu ya mchoro hukaa miezi.

Ikitokea umeungua juu ya tatuu ya zamani, poza kwa maji baridi, paka losheni isiyo na harufu, kunywa maji, na malengelenge usiyapasue. Na kama sehemu yenye rangi fulani, mara nyingi nyekundu, inavimba na kuwasha kila ikipigwa na jua, huo ni mzio unaohitaji daktari wa ngozi, hata kama umeichora miaka mingi iliyopita.

Kuhusu kurudishia rangi hiyo ya mkononi, subiri joto lipite na ngozi irudi kwenye rangi yake ya kawaida. Ngozi iliyokolea kwa jua hukaa juu ya wino na kuufanya uonekane umefifia. Ukienda kwa mchoraji sasa hivi huenda akajaza mahali ambapo rangi bado ipo.