Pima volti kwanza, kisha upige hesabu

Ninyi mnaoanza ufundi wa umeme, kanuni zenyewe hazitawasumbua. Volti gawanya kwa ampea, unapata ukinzani kwa omu. Volti mara ampea, unapata nguvu kwa wati. Kinachowapotosha wanagenzi ni kuishika 240, volti rasmi ya hapa Uganda, na kuiingiza katika kila hesabu bila kugusa mita.

Chukua birika la umeme lililoandikwa wati 2000 kwa volti 240. Linavuta ampea 8.33, na koili yake ina omu 28.8. Sasa lipeleke kwenye nyumba iliyo mwisho wa laini, jioni watu wakipika na kupiga pasi, mita ikasoma volti 200. Wanagenzi wengi hujibu haraka kwamba wati ni 2000, basi ampea zitapanda hadi 10. Sivyo. Koili ni ile ile, na ukinzani wake haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabika. Gawa 200 kwa 28.8: mkondo umeshuka hadi ampea 6.94, na nguvu ni wati 1389 tu. Volti imepungua kwa sehemu moja ya sita, lakini nguvu imepungua karibu theluthi, kwa kuwa volti na ampea zimeshuka pamoja.

Mwenye nyumba atasema birika limeharibika. Mwingine atafurahi akidhani uniti zake za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zitaisha polepole. Mweleze kwa heshima kwamba maji yale yale yanataka joto lile lile: yaliyochemka kwa dakika 6 sasa yatachukua karibu 9, na uniti zitakuwa zile zile 0.2, au zaidi kidogo, maana birika linapoteza joto muda wote huo. Kwangu mimi, fundi asiyeweza kumweleza mteja jambo hili hajamaliza kazi, hata kama waya zake zimenyooka.

Usipime omu kifaa kikiwa na umeme. Kichomoe kwanza. Na ukipima balbu ya zamani ya wati 60, hesabu itakupa omu 960, lakini mita itasoma mara nyingi chini ya 100. Balbu ni nzima na mita ni nzima. Uzi wa balbu ukiwa baridi ukinzani wake ni mdogo, ukiwaka unapanda.

Sola za vijijini ndizo zinazodai hesabu makini zaidi. Wati 60 kwa volti 240 ni robo ampea. Kwa volti 12 ni ampea 5. Tuseme waya, kwenda na kurudi, ina omu 0.4. Kwa robo ampea unapoteza volti 0.1, hakuna atakayeona. Kwa ampea 5 unapoteza volti 2 kati ya 12, na wati 10 zinaishia kuipasha waya joto. Mkondo umezidi mara 20, joto limezidi mara 400. Ndiyo maana waya ya sola huwa nene na fupi.

Kwa friji na pampu, volti mara ampea haikupi wati halisi, kwa sababu mkondo wa mota huchelewa nyuma ya volti. Tena volti ikishuka, mota yenye mzigo huweza kuvuta ampea nyingi zaidi, kinyume cha birika. Hapo soma kibao cha vipimo kilichobandikwa kwenye mota, pima mkondo wenyewe ikiwa kazini, kisha ulinganishe.