Mwaminifu kwa Ushahidi Gani?

SWALI: Nimeandika vesi ya rapu ya mistari 16 kumhusu mpenzi aliyesimama nami wakati wa shida. Wenzangu wanasema inasikika kama kadi ya mapenzi. Nimekosea wapi?

JIBU: Inaelekea umemsifu sana bila kuonyesha alichofanya. Neno "mwaminifu" halimgusi msikilizaji mpaka ajue uaminifu huo ulijaribiwa na nini. Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika, mistari 16 ya mapigo manne manne inaisha kwa sekunde 43 hivi, kwa hiyo usivuke mstari wa nne kabla hatujajua kilichotaka kuwatenganisha: deni, kifungo, maradhi, maneno ya watu. Chagua kimoja. Ukirundika vyote, hakuna kitakachoonekana. Kisha mpe tendo: alilipa nini, alimkatalia nani, alinyamaza lini.

Kosa jingine, na hili linatuudhi, ni kudai uaminifu usioutoa. Rapa anampangia mpenzi masharti huku akijisifia wengine alionao! Tenga angalau mistari minne ya kusema wewe unamdai nini na yeye anakudai nini. Korasi nayo isaidie. Mwaka 1995 rapa Method Man alimwachia mwimbaji Mary J. Blige korasi iliyotoka kwenye wimbo wa Marvin Gaye na Tammi Terrell wa 1968, na ahadi ikawa ya watu wawili.

Halafu vina. Kiswahili kinatutega hapa: tunapendana, tunashikana, tunavumiliana. Hiyo "-ana" ni kina cha bure, msikilizaji anakimaliza kabla yako. Oanisha nomino na kitenzi, kama "siri" na "kusubiri", au nomino zinazogongana kimaana, kama "subira" na "hasira".

SWALI: Ni kweli kwamba mpenzi wa rapa Tupac kwenye "Me and My Girlfriend" si mtu?

JIBU: Kweli, ni bunduki. Katika wimbo huo wa 1996 tashihisi, yaani kukipa kitu sifa za mtu, inabebwa mpaka mwisho. Jay-Z na Beyoncé walipoujenga upya mwaka 2002, mpenzi akawa mwanamke halisi mwenye sauti yake. Ukitaka kuijaribu mbinu hii, kila mstari ufae kwa mtu na kwa kitu pia: "halali mbali nami" unafaa pande zote mbili, lakini "ananipikia" unalivunja fumbo papo hapo.