Viwiko vitatu vibovu, tununue nyota?

SWALI: Timu yangu ya besiboli huko Marekani imemaliza msimu warushaji watatu, wale wanaomrushia mpira mpigaji, wakiwa wamepasuliwa viwiko. Wenzangu wanataka uongozi umwage fedha kwa nyota mmoja. Wewe ungefanyaje?

JIBU: Nyota angesubiri, ndugu yangu, mpaka nijue kila kiwiko kitarudi lini. Upasuaji wa Tommy John, ulioitwa kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, uliofanywa mara ya kwanza na daktari Frank Jobe mwaka 1974, huchukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi kwenye kigasha, na kuipachika kiwikoni palipochanika. Mrushaji hukaa nje miezi 12 hadi 18. Aliyepasuliwa Agosti usimhesabu msimu ujao, hata ukimwona Mei anarusha kwa raha mazoezini.

Mechi za msimu ni 162. Warushaji watano wa kuanza, wanaopokezana kuanzisha mechi, hawatoshi kabisa. Ningetafuta wanane au tisa, wengine wakisubiri ligi ndogo, kwenye timu za chini za klabu. Dodgers wa Los Angeles walitwaa ubingwa wa 2024 wakiwa na msururu wa warushaji majeruhi, na nyota wao Shohei Ohtani, ambaye kwa kawaida hurusha na kupiga, msimu mzima alipiga tu, hakurusha.

Halafu kuna hili linaloniuma kila mwaka: orodha ya majeruhi wa siku 60, ambao hawahesabiwi katika kikosi cha wachezaji 40 wa klabu, hufungwa baada ya fainali, nao wote hurudi kuhesabiwa ndani ya wale 40. Nafasi zinabana, kijana mzuri anaachwa na kunyakuliwa na wapinzani. Kati yake na mkongwe anayeumia kila msimu, ningembakiza kijana bila kusita.