Jeli kavu haifanyiwi kalibresheni

Simama hapo hapo! Umeuliza ununue potenshiostati gani (kifaa cha kuipa elektrodi volti na kupima mkondo) na utumie jeli ipi kupima parasetamoli kwenye mkojo, halafu ukachomekea katikati kwamba jeli ya PEDOT:PSS (plastiki inayopitisha umeme) ikishakauka juu ya elektrodi unaanza moja kwa moja kalibresheni, yaani kupima viwango vya dawa unavyovijua, mikromola 5 kupanda hadi 100. Hapo ndipo hela inapoteketea.

Jeli kavu ukiitia kwenye bufa (mmumunyo wenye pH isiyoyumba) inaanza kunywa maji, na haitosheki kwa dakika mbili. Kadiri inavyovimba ndivyo mkondo unavyopanda, hata usipoongeza dawa. Sasa wewe unapanda kutoka kiwango cha chini kwenda cha juu, na jeli nayo inavimba sambamba. Unapata mstari umenyooka, R² 0.99 (karibu na 1, yaani mstari kamili), unawarushia wenzako picha. Sehemu ya mwinuko huo ni maji tu! Kesho yake sampuli ileile inasoma kingine, unaanza kulaumu betri.

Hao wanaoandika maelekezo ya "dondosha, kausha, pima" wanakera. Picha za kupendeza tele, kuhusu kuloweka hata sentensi moja hakuna. Labda jeli zao huwa zimefunga.

Loweka usiku kucha kwenye bufa ileile ya kupimia, PBS (bufa ya fosfeti na chumvi) ya pH 7.4, bila dawa. Kisha pima bufa tupu kwa DPV (njia ya kupandisha volti kwa mipigo midogo na kusoma mkondo), mpigo 50 mV, hatua 5 mV, tena na tena. Vipimo vitano mfululizo vikilaliana, anza. Viwango uvichanganye: 50, 5, 100, 20, na katikati urudie bufa tupu. Ikitoa kilele cha mkondo karibu na +0.4 V dhidi ya Ag/AgCl (elektrodi rejea ya fedha), jeli bado imeshikilia dawa ya kipimo kilichopita. Ioshe mpaka kipotee.

Ikibanduka usiku, ongeza GOPS (kemikali ya kuishikiza jeli) asilimia 1 kwenye mchanganyiko kabla ya kudondosha, uoke nyuzi 140 kwa saa moja. Utepe wa elektrodi wa plastiki utajikunja, tumia wa seramiki.

Mkojo uzimue kwa bufa hiyohiyo. Chumvi ikibadilika jeli inavimba au kusinyaa upya, na rejea ya Ag/AgCl iliyochapwa inahama pia. Halafu ukimaliza kazi usiiache mezani ikauke, maana ikikauka unaloweka tena, na kalibresheni ya jana huiamini.