Darizi Kwanza, Mkasi Baadaye

Wanangu, juzi tena nimeona kitani kizuri cha gambesoni, lile koti nene la vita linalojazwa pamba, kikiishia kuwa foronya. Mtanipandisha presha bure. Haya, kaeni tuongee.

1. Usikate kwa vipimo vya mwili kabla ya kudarizi, yaani kushona mistari kupitia matabaka yote na pamba iliyo katikati. Mliotoka kwenye kanzu na suti ndio wabishi hapa, na mimi nilikuwa mkubwa wenu. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa niliikata kama koti la harusi. Kila mstari wa darizi ukala upana kidogo, maana kitambaa hupanda juu ya pamba kisha kikashuka. Kufika ubavuni, bodi ilimtosha mdogo wake mteja. Nikajidanganya kwamba itavutika. Kitani kivutike! Siku ya kujaribu, mzee wa watu akabana pumzi, tukafunga vifungo kwa kusaidiana, akainua upanga. Mkono ukagoma kwenye usawa wa sikio. Hakunitukana. Alisema tu, "Fundi, nikivamiwa nitaomba wasubiri." Nikafumua, nikatia viraka vya ubavuni, ikazidi kuwa kioja. Kitani cha pili nilinunua kwa pesa yangu. Basi: kata mapande makubwa, darizi, ndipo uweke patani.

2. Kabla ya kudarizi piga bandi, ule mshono wa muda wa kushikilia, kuanzia katikati kwenda nje. Sitaki ubishi.

3. Kikwapa, kile kiraka cha kwapani, peke yake hakiokoi mkono. Tazameni pourpoint, koti la darizi la kubana mwili, iliyoko Lyon, Ufaransa, inayohusishwa na mtawala Charles de Blois aliyeuawa vitani Auray mwaka 1364: tundu la mkono limechimbwa mpaka kifuani na mgongoni, ndiyo maana mvaaji angeweza kunyanyua mikono bila nguo nzima kumfuata.

4. Sponji ya makochi, hapana! Kanuni za London za 1322 zilikwisha kutaja cha kujazia: aketoni, ndugu zake gambesoni, zenye hariri kwa juu zilitakiwa zijazwe pamba na vitambaa maalumu, si takataka yoyote. Mfalme Louis XI wa Ufaransa naye alitaka makoti ya vita yawe na matabaka 30 ya kitambaa, au angalau 25, pamoja na ngozi ya ayala, na akapendelea kitambaa kilichotumika. Kilicholainika hukunjika na mwili. Kwa hiyo shuka kuukuu za bibi zisitupwe, nileteeni. Sufi, ile pamba ya mti wa msufi, nayo ina heshima yake, Wahausa walijazia lifidi, deraya za kitambaa za farasi wao. Ila ikipata tundu, karakana nzima itapiga chafya.

5. Uzi upakwe nta. Na aliyechukua subana yangu airudishe.