Wasomaji Wauliza: Madoa ya mkorosho na mla mchwa wa Australia

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili kapewa zoezi la kulinganisha likeni na mnyama wa jamii ya kangaruu aliye hatarini kutoweka. Kamchagua numbati. Likeni tumeambiwa ndiyo yale madoa meupe kwenye mikorosho yetu. Vinalinganishika kweli? Na hayo madoa niyapulizie salfa? – Mama wa Masasi, Mtwara

JIBU: Vinalinganishika, mama, mwanao akianza na mahitaji ya kila kimoja.

Numbati hula mchwa, hadi 20,000 kwa siku. Kucha zake haziwezi kubomoa kichuguu kama mhanga wa kwetu, hivyo hungoja mchwa wapande kwenye vijia vya karibu na uso wa ardhi, mchana. Huko ndiko mwewe humwona, na mbweha mwekundu aliyeletwa kutoka Ulaya. Hulala kwenye magogo yenye uwazi. Yakiungua, hana maficho. Huzaa wanne, nao huning'inia kwenye chuchu, maana ndugu huyu wa kangaruu hana mfuko (swali zuri la mtihani hilo). Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 alibaki kwenye misitu ya Dryandra na Perup tu, Australia Magharibi. Mbweha walipotegewa chambo cha sumu, idadi ilipanda, ila walioko porini bado ni wachache.

Likeni ni kuvu na mwani mdogo mno, si ule wa kulima baharini, wanaoishi mwili mmoja. Mwani hujitengenezea chakula kwa jua, kuvu hushika maji. Gome ni kikalio tu, halinyonywi. Jua likikausha, likeni hulala. Umande ukishuka, huamka. Aina nyingi huenea kwa chembe kama vumbi zilizobeba kuvu na mwani pamoja. Hukua milimita chache tu kwa mwaka, na moshi wa viwanda huziua nyingi.

Salfa usiipoteze kwenye shina. Hiyo ni ya ugonjwa wa ubwiriunga, unaoshika majani machanga na maua, na unga wake hufutika kwa kidole. Doa la shinani lidondoshee maji: likigeuka kijani, ni likeni. Usilikwangue kwa panga. Gome likijeruhika mti hutoa gundi, na wadudu hupata pa kuingilia. Likeni zikijaa hadi matawi ya juu, mara nyingi majani yamepungua na mwanga umepenya, yaani mti umeshadhoofika kwa sababu nyingine. Kagua mchwa kwenye mizizi, na matawi makavu uyapogoe baada ya mavuno.