Rangi za udongo: anza na ndoo, brashi baadaye

Wengi wanaotaka kujifunza kuchora kwa rangi za udongo huja na brashi mkononi. Mimi huwaomba waiweke kando, watafute kwanza ndoo mbili na kipande cha kanga kuukuu. Ubora wa rangi hii unatokana na kuosha.

Sisi wa kusini mwa Tanzania tumejaliwa. Kuna udongo mwekundu wa Newala, kuna wa njano unaojitokeza kwenye kingo za makorongo, na kuna mweupe unaotumika kusiriba kuta. Wekundu ule unatokana na chuma, kama ilivyo kutu kwenye bati. Lakini kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama. Usichimbe karibu na gereji, jalalani, wala chini ya mikorosho inayopuliziwa salfa na viuatilifu. Mwombe ruhusa mwenye eneo, ondoa udongo wa juu wenye majani na mizizi, chukua wa chini yake, kisha fukia shimo.

Ukifika nyumbani, ponda mabonge na uloweke usiku kucha. Asubuhi koroga kwa nguvu, subiri kidogo mchanga uzame, halafu mimina taratibu yale maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili, ukiyapitisha kwenye kanga. Mchanga uliobaki chini usiuguse. Rudia mpaka maji yatoke na rangi hafifu. Ndoo ya pili iache itulie hadi kesho yake: juu utakuta maji maangavu, chini tope laini kama siagi. Chukua kidogo, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi hata chembe moja, rudi kuosha. Likishakuwa sawa, litandaze kwenye sinia likauke kivulini.

Wapo wanaotwanga udongo mkavu kwenye kinu na kuuchekecha. Ni haraka, ila vumbi lile jembamba linaumiza mapafu. Sipendi kabisa kuona watoto wakifanya hivyo. Kama ni lazima, vaa barakoa.

Ukikosa wekundu unaoutaka, weka unga wa njano kwenye kigae juu ya jiko la mkaa, ugeuzegeuze. Moto unafukuza maji yaliyoshikana na chuma, na rangi inahama mbele ya macho yako: njano, chungwa, kisha nyekundu ya tofali. Epua pale unapoipenda. Kwa weusi saga mkaa. Kwa weupe nashauri udongo mweupe au maganda ya mayai yaliyosagwa. Chokaa ya kuchoma matumbawe inaunguza macho na ngozi, haifai kwa darasa.

Sasa gundi ya kuishikisha rangi, na hapa ndipo wengi hukwama. Mafuta ya nazi yako kila nyumba, lakini hayakauki. Picha itabaki inanata na kuokota vumbi. Kwenye mbao tumia kiini cha yai: kitenganishe na ute, kitoboe, ngozi yake itupe, lowanisha unga wa rangi uwe tope, changanya kiini na tope hilo kwa kiasi sawa, ongeza matone ya maji. Kwenye karatasi na kadi, uji mwepesi wa muhogo unatosha. Gundi inayotoka kwenye gome la mkorosho nayo inafaa ukiiloweka na kuichuja, ila yale mafuta ya ganda la korosho yaweke mbali, yanababua ngozi. Hali ya hewa ya pwani huleta ukungu upesi, kwa hiyo changanya ya kutumia siku hiyo tu. Unga mkavu utakaa miaka.

Kabla ya kugusa kazi yenyewe, paka mstari kwenye karatasi, acha ukauke, upitishie kidole. Ukitoka unga, gundi ni kidogo. Ukipasuka na kubanduka, gundi imezidi. Andika pembeni ulikochimba udongo huo na kiasi cha gundi.

Binzari na majani hutoa rangi za kuvutia, ila jua huzifubaza. Zitumie kwa mazoezi. Picha ya kuuza ichore kwa udongo na mkaa.